Bibi Hayumo Kwenye Bango

Biasha Bushiri alikuwa fundi cherehani, na watu wa Kibiti walimjua kwa mambo mawili: sare zake za shule hazifumuki, na mdomo wake hauna breki. Mteja akimletea kitambaa pungufu kisha akataka gauni la kumwagika, alimwambia palepale mbele za watu kwamba yeye ni fundi, si mchawi. Alikuwa na miaka hamsini na sita, mjane, na hasira yake ilikuwa ya siku zote. Lakini hasira iliyompata mwishoni mwa Desemba mwaka ule ilikuwa nyingine kabisa. Ilimwingia nyumbani kwa kaka yake Abdulatifu, katikati ya pilau, na haikutoka.

Abdulatifu alikuwa mtoto wa baba yake mkubwa, mwalimu mkuu mstaafu. Alipostaafu alijipa kazi ya kuandika historia ya ukoo. Akafungua kundi la WhatsApp, akawachangisha watu fulana za kijani, kisha akawaita ndugu wote uwanjani kwake, kutoka Ikwiriri, Utete na Dar es Salaam. Baada ya dua, vijana wawili wakakunjua bango lililofunika nusu ya ukuta. Juu kabisa palikuwa na jina la babu yao, Mzee Ngokwe. Chini yake, kwa herufi za dhahabu, mke wake, Bi Tatu. Kisha wana wao wanne, kisha wajukuu, mpaka vitukuu waliojazana chini kama mchele. Watu wakapiga makofi. Wakasogea na simu zao, kila mtu akitafuta jina lake.

Biasha alitafuta la baba yake, Bushiri, akaliona. Lilikuwa la mwisho katika wale wana wanne, na mstari wake ulipanda moja kwa moja hadi kwa Bi Tatu.

"Kaka," akasema, wala hakuishusha sauti. "Hapa pamekosewa. Baba yangu hakuzaliwa na Bi Tatu. Bi Tatu alimlea tu."

Abdulatifu akamtazama kwa lile tabasamu la mwalimu anayeona jibu la mwanafunzi limekosewa. "Mdogo wangu, nani kakwambia?"

"Mama yangu."

"Mama yako, Mungu amrehemu, aliingia ukoo huu kwa kuolewa. Historia haiandikwi kwa maneno ya jikoni, Biasha. Historia ni ushahidi. Huyo mama unayemsema, jina lake nani?"

Biasha hakulijua jina. Mama yake alimwambia mara moja tu, walipokuwa wakipepeta mchele: bibi yako mzaa baba amezikwa Mbuchi, na baba yako hapendi atajwe. Basi. Alikuwa msichana wa miaka kumi na nne, hakuuliza zaidi, na sasa mama na baba wote walikuwa udongoni.

"Hana jina," akasema Abdulatifu, akiwageukia watu. "Basi tumpe dada yetu sahani nyingine ya pilau, labda atalikumbuka."

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kwa shibe. Biasha akavua ile fulana ya kijani palepale, akabaki na gauni lake alilovaa ndani, akaiweka juu ya kiti na kuondoka. Jioni akaandika ujumbe mrefu kwenye kundi la ukoo. Haukumaliza hata saa moja. Ulifutwa, na mahali pake Abdulatifu akaweka picha ya waridi yenye maneno ya kuutakia ukoo amani.

"Anataka ushahidi," Biasha akamwambia cherehani yake asubuhi, kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine dukani. "Nitamletea ushahidi mpaka akose pa kuuweka."

Akaanza na alichokuwa nacho. Ukutani kwa duka akabandika karatasi ya kaki, ile anayochoria patani za nguo, akaandika jina lake kwa chaki ya fundi, juu yake la baba, juu yake la babu. Ubavuni mwa babu akachora duara mbili. Moja akaiandika Tatu. Ya pili akaiacha tupu.

Kisha akaanza kupiga simu. Aliwapigia shangazi, wajomba, hata mabinamu ambao hawakuwa wamesemeshana naye miaka. Aligundua upesi kwamba swali la "bibi yangu aliitwa nani" halizai kitu. Mzee akiulizwa hivyo anasema hajui, anakata simu. Lakini akiulizwa, "Ulipokuwa mdogo mlikuwa mnakaa wapi, na jirani yenu alikuwa nani?" basi hapo mzee anafunguka, anazungumza mpaka salio linakwisha. Aliandika kila kitu kwenye daftari kubwa: nani kasema, siku gani, na kama alishuhudia mwenyewe au kasimuliwa. Hilo la mwisho alilipigia mstari, kwa sababu alishajua Abdulatifu angeuliza.

Ilikuwa Januari, na Januari ndiyo mwezi wa fundi wa sare. Kina mama walikuja wakakuta kaptula za watoto wao zimekatwa lakini hazijashonwa, na Biasha ameinama juu ya mkoba wa ngozi wa marehemu baba yake, akipanga vikaratasi mezani. Walifoka, naye akawafokea. Ndani ya mkoba ule mlikuwa na stakabadhi za kodi za zamani, zimekuwa laini kama kitambaa. Mojawapo ilikuwa na jina la baba yake, mwaka 1957, na kijiji: Mbuchi. Aliisoma mara tatu. Alijikuta anacheka peke yake kama mtu aliyeokota pete. Baba yake siku zote alisema yeye ni mtu wa Kibiti.

Shangazi mmoja wa Utete ndiye aliyemwambia kwamba huko Mbuchi bado yupo bikizee anaitwa Hajira, ambaye alikuwa msichana mdogo enzi za Mzee Ngokwe. Biasha akafunga duka. Mlangoni akaandika: NIMESAFIRI, SARE ZIKO TAYARI IJUMAA. Haikuwa kweli, na hakujali.

Akapanda boti Nyamisati, akashuka Mbuchi mchana na matope hadi magotini. Bi Hajira hakuwa kijijini. Alikuwa shambani, juu ya dungu lake, kibanda cha miti cha kulindia ndege katikati ya mpunga, mwembamba, mweusi wa kung'aa, akisuka ukili wa mkeka bila kuutazama.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Biasha, binti wa Bushiri wa Ngokwe."

Mikono ya bikizee ikasimama. "Panda," akasema.

Biasha akapanda ngazi ya dungu, akaweka simu yake katikati yao na kuomba ruhusa ya kurekodi. Bi Hajira akaitazama ile simu kwa dharau kidogo, akasema hata ingekuwa redio yeye angesema yaleyale. Biasha hakumuuliza jina. Alimuuliza ukili alijifunza kwa nani.

"Kwa bibi yako," akajibu yule mzee. "Mimi nilikuwa mtoto wa jirani. Wakati ule nilikuwa nimeshaota meno ya pili. Alikuwa anasuka kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana na mimi, tazama, nasuka kishoto wakati kula nala kwa mkono wa kulia. Mrefu! Akiingia mlangoni anainama. Na alikuwa na kicheko, Mungu wangu, babu yako akifoka yeye anacheka mpaka babu yako anasahau alichofokea."

Biasha alikuwa amekuja kutafuta silaha ya kumpiga nayo Abdulatifu, na hakuwa amejitayarisha kukutana na mtu. Maisha yake yote alikuwa akiulizwa urefu ule kautoa wapi.

"Jina lake, bibi?"

"Mtumwa. Mtumwa binti Kitoi."

Upepo ukapita juu ya mpunga. Bi Hajira akamwona usoni, akaendelea kwa ukali kidogo. "Ni jina tu, mwanangu. Mama yake alizika watoto watatu. Wa nne alipozaliwa, wakampa jina la kumshusha, kifo kimwone si kitu, kimpite. Lakini mama mzazi wa huyo Mtumwa, huyo sasa, ndiye aliyeletwa kutoka bara akiwa mtoto, akauzwa pwani. Sikufichi, kwa sababu hukuja kote huku kutaka nikufiche. Mzee Kitoi, baba wa Mtumwa, alimwoa ndoa ya sheria. Basi watu wakachanganya habari ya mama na ya binti, wakasema binti naye aliuzwa, na hilo jina likawasaidia. Alikufa kwa homa, Bushiri akiwa na miaka saba. Bi Tatu akamchukua."

"Kuna mahali ameandikwa?"

Mzee akafumua ukili mistari miwili na kuanza tena. "Nenda Maparoni, kwenye chuo cha Mwalimu Mudathiri. Babu yake alikuwa na kitabu cha marehemu. Ila ukikiona," akasema, "usinirudie na makelele."

Mwalimu Mudathiri alikuwa mtu wa makamo, mpole, anayesomesha watoto Kurani kwenye chumba cha miti na makuti. Alimweleza Biasha kwamba zamani familia za delta kila Shaabani zilileta majina ya wafu wao kwa babu yake, akayaandika, na siku ya khitma, kisomo cha kuwaombea wafu, akayasoma yote kwa sauti ili kila mtu arehemewe kwa jina lake. Kitabu kilikuwepo. Mafuriko ya mwaka jana yalipoingia ndani, Mudathiri aliokoa vitu viwili, mama yake na kitabu kile, ambacho alikifunga kwenye mfuko wa nailoni na kukining'iniza darini. Kiliandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Herufi Biasha alizijua tangu chuoni utotoni, lakini wino ulikuwa umepauka, na mwandiko wa mzee yule ulikimbia.

Mudathiri akasoma polepole, akipitisha kijiti juu ya mistari. Familia baada ya familia. Wengine hawakuwa hata na majina kamili, "mtoto wa Sefu aliyezama," "mgeni aliyekufa msikitini." Hata mgeni alikuwemo. Ndipo akafika. "Mtumwa binti Kitoi, mke wa Ngokwe," akasoma, na Biasha akajipiga pajani kwa kiganja.

"Ndiyo! Niandikie hapo, mwalimu, nipige na picha."

Lakini Mudathiri alikuwa amekunja uso. Jina lilikuwa limepigwa mstari. Mstari mmoja ulionyooka, wa mtu asiye na haraka. Na pembeni palikuwa na maneno madogo. Aliyasoma kimoyomoyo kwanza, kisha akamtazama mgeni wake.

"Soma," akasema Biasha.

"Limeondolewa kwa matakwa ya mwanawe, Bushiri. Shaabani, elfu moja mia tatu themanini na tatu."

Walipopiga hesabu ilikuwa mwishoni mwa mwaka 1963 au mwanzoni mwa 1964.

Biasha hakulia. Aliinuka, akatoka nje, akasimama kwenye jua huku watoto wa chuo wakimchungulia. Kwa wiki nne alikuwa amebeba hasira kama mtu abebavyo mzigo wa kumpelekea mtu fulani, na sasa mwenye mzigo alikuwa mwingine. Baba yake! Baba aliyemfundisha kuendesha cherehani, aliyembeba mgongoni mpaka hospitali alipovunjika mguu. Tena akakumbuka jambo lililomchoma zaidi. Siku ya msiba wa baba, sheikh alikuja mlangoni kuulizia jina la mama wa marehemu, ili amtaje kwalo kwenye talkini, maneno anayosomewa maiti kaburini. Abdulatifu akajibu, "Tatu." Na yeye, Biasha, mwenye mdomo usio na breki, alikuwa amesimama pale na ndoo ya maji. Alijua si kweli. Akanyamaza, kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa watu.

Alirudi Mbuchi, na alirudi na makelele.

"Ulijua!" alipaza sauti kabla hajafika kwenye ngazi ya dungu. "Ulijua ni baba yangu, ukaniacha niende nikaaibike mbele ya mwalimu wa watu!"

"Ningekwambia mimi ungeniamini?" akauliza Bi Hajira.

"Mama yake mzazi! Mtu anakwenda kwa miguu yake kumfuta mama yake kwenye dua?"

"Alikuwa anaoa. Wakwe zake wa Kibiti walikuwa watu wa kuuliza. Walituma mtu huku delta kuchimba upande wa mama. Bushiri akawahi. Kama asingewahi, asingempata mama yako Ashura. Na wewe hapo unayenipigia makelele usingekuwepo."

"Basi nisingekuwepo!"

Bi Hajira akachota maji mtungini. "Hilo ni rahisi kulisema ukiwa upo," akasema. Akamsogezea kata ya maji. Biasha akainywa yote, lakini hakukubali kukaa.

Njia nzima ya kurudi aliwaza. Ushahidi alikuwa nao, picha alikuwa nayo, lakini ile picha ilikuwa na mstari wake na maneno yake. Angeweza kuikata. Kwa simu ni jambo la vidole viwili tu: ukalibakiza jina, ukaondoa maneno ya pembeni, kwani mstari peke yake hausemi ulipigwa na nani. Angeweza pia kusimulia habari ya kifo na watoto watatu, akaishia hapo, asimtaje mama aliyeletwa kutoka bara. Ukoo ungefurahi. Akaifungua picha, akaanza kuikata, akaona kidole chake kinafanya kazi ileile ya baba yake. Akaizima simu kwa hasira, karibu aitupe majini.

Khitma ya ukoo ilikuwa wiki ya pili ya Shaabani, alasiri, kwa Abdulatifu. Bango lilikuwa bado ukutani. Kabla ya sheikh kuanza, Biasha alisimama kati ya wanawake na kusema ana neno. Abdulatifu akaanza kukohoa, lakini sheikh akasema aachwe.

Akasema yote. Jina, kicheko, mkono wa kushoto, homa. Akasimulia kuhusu yule mama aliyeuzwa akiwa mtoto, na kijana aliyeoa kwa uongo. Aliposema, "na aliyemfuta ni baba yangu mwenyewe," sauti ilimkatika, akaivuta tena. Simu yake ikapita mkononi mwa huyu na yule, picha nzima, na mstari wake.

Abdulatifu aliikuza kwa vidole, akaupitia mstari. Alikuwa mtu wa ushahidi, na ushahidi ulikuwa huo. "Basi," akasema mwishowe, taratibu, "kama marehemu mwenyewe alitaka asitajwe, sisi ni nani? Tuheshimu matakwa yake. Na kwa kuwa imethibitika hilo Mtumwa lilikuwa jina tu, hakuna aibu yoyote hapo. Huyo mama yake tunaweza kutomgusa."

"Hakuna aibu kwa sababu lilikuwa jina tu?" Biasha akamsogelea. "Na kama angekuwa ameuzwa yeye mwenyewe, sokoni, mchana kweupe? Asingembeba baba yangu miezi tisa? Aibu ni ya nani, kaka, ya aliyefungwa kamba au ya aliyeishika? Mimi sikuja hapa kumsafisha bibi yangu. Hana uchafu! Nimekuja kutaka asomwe."

Ndipo Rukaiya, dada mkubwa wa Abdulatifu, ambaye tangu asubuhi alikuwa akichambua mchele bila kusema na mtu, akauliza, "Binti nani umesema?"

"Kitoi."

"Mtumwa Kitoi." Rukaiya akaacha ungo. "Bibi Tatu alikuwa anachoma ubani kila Alhamisi, anataja majina. Mimi nililala naye mpaka naolewa. La mwanzo lilikuwa hilo. Kabla ya mama yake mwenyewe. Nilidhani ni dada yake." Akamgeukia mdogo wake. "Wewe Abdulatifu, mke mwenzie alimtaja miaka yote ile, wewe mwenye digrii unaona taabu?"

Abdulatifu akasema simu yake inaita, akatoka nje. Haikuwa inaita. Sheikh akaomba kalamu, akaongeza jina kwenye orodha, na alasiri ile Mtumwa binti Kitoi akasomwa, na baada yake, kwa kuwa hakuna aliyelijua jina lake, "na mama yake." Biasha alijifunika uso kwa ushungi, akaitikia amina kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani.

Msitegemee niseme kwamba walipatana. Bango halikubadilishwa, na Biasha alitolewa kwenye kundi la ukoo siku ya tatu. Ijumaa alikwenda kaburini kwa baba yake. Siku zote alianza kwa Yasini, lakini siku hiyo alianza kwa kumgombeza, kwa maneno makali ambayo hakuwahi kumwambia akiwa hai, mpaka mchimba makaburi akasogea mbali kwa adabu. Alipomaliza ndipo akasoma. Hasira haikuisha, ila ilimwacha asome.

Jumatatu yake Rukaiya akaja dukani, akajipenyeza katikati ya kina mama waliofuata sare zilizochelewa. Akasimama mbele ya karatasi ya kaki, akaisoma yote, midomo ikicheza. Kisha akaweka kidole juu ya jina la Bi Tatu.

"Na huyu," akasema, "mama yake alikuwa nani? Maana kwenye bango la Abdulatifu kaota tu kama uyoga."

"Sijui," akasema Biasha, miguu ikiendelea kukanyaga cherehani. "Unakumbuka mlikuwa mnakaa na majirani gani?"

Rukaiya akavuta kigoda.